Sorry ya nini, kwani umenisukuma?

Tulikuwa tunashuka mlima Kilimanjaro, kutoka kambi ya Barafu kwenda ya Mweka. Kama umewahi kupita ile njia unajua hali inavyokuwa, mmetoka kileleni asubuhi, usiku hamjalala, magoti yanatetemeka yenyewe bila kuulizwa, na chini ni vumbi na changarawe zinateleza kama mtu kamwaga mchele kwenye marumaru. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, miaka sitini na kitu, amepanda mpaka Uhuru mita 5,895 bila kulalamika hata mara moja, sasa kwenye kushuka ndo fimbo ikamponyoka mkononi na yeye akakaa chini puu! Na mimi kabla akili haijafika mdomo ukawa umeshafika, "Oh sorry, sorry, sorry mama!", zile za kufululiza tatu tatu, na ile sauti tunayomtolea mtoto aliyejikwaa.

Akanitazama akiwa bado amekaa pale pale, vumbi mpaka kwenye kope, akaniuliza kwa kile Kiingereza chake cha darasani, "Why are you sorry? You didn't push me." Yaani sorry ya nini, kwani wewe ndo umenisukuma?

Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anacheka kabisa. Nikampa mkono akainuka, tukaendelea. Ila mimi ni mwongoza watalii mwaka wa kumi na moja sasa (lile neno tunaloitana wenyewe kazini nikiliandika kwa tahajia ya Kiswahili linatoka gaidi, nisije nikafungiwa akaunti bure), na kabla ya hapo nilibeba mizigo miaka mitatu kama mgumu, na swali hilo nimeulizwa na watu wa kila aina. Wamarekani ndo wanaongoza, ukimwambia sorry amegonga kichwa kwenye mlango wa hema anakurukia "no no, it's not your fault!", anakutetea kabisa kama wakili, na wewe hujashtakiwa na mtu. Miaka yote nilikuwa nacheka tu napita. Safari hii kwa sababu ni mwalimu nikaona ngoja nimjibu, na tukafika kambi ya Mweka tukakaa na chai na bisi, tukaongea neno moja mpaka giza likaingia.

Nilichomwambia ni kwamba mimi pale sikusema sorry. Nilisema pole. Mdomo ulitoa sorry lakini kilichotoka tumboni ni pole, pole iliyovalishwa suti ya Kiingereza. Shuleni tulifundishwa hivyo, pole ni sorry, samahani ni sorry, ukakariri ukapata vema zako ukaenda nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba hapo kuna maneno mawili yamepakiwa kwenye kiti kimoja cha daladala.

Maana pole haina kesi. Pole na kazi, pole na safari, pole na foleni, pole na mvua, pole na mtihani, pole na wageni. Ukiingia msibani unasema poleni, wenyewe wanajibu tumeshapoa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakuuliza kwani wewe ndo umemuua marehemu. Huko mlimani wagumu wakipishana, mmoja anapanda na kilo 20 kichwani na mwingine anashuka, anayeshuka anasema pole, anayepanda anasema asante, nishapoa (hajapoa hata kidogo, jasho linamtoka kama bomba limepasuka, lakini ndo jibu lake). Anayeshuka hakuupakia ule mzigo. Anachosema ni nimekuona, nimeona kwamba una kitu kizito.

Alafu akaniambia kitu nilichekea mpaka chai ikanipalia. Siku ya tatu tulipita Lava Tower, ile mita 4,630 ambayo kila mgeni kichwa kinamuuma, na yeye kichwa kilimuuma kweli, nikamwambia "pole sana mama". Sasa mgeni wa Kilimanjaro neno la kwanza analofundishwa kabla hata ya jambo ni polepole. Polepole asubuhi, polepole mchana, mpaka fulana zinauzwa zimeandikwa hivyo. Kwahiyo aliposikia pole sana akapiga hesabu zake, pole ni taratibu, sana ni sana, basi huyu kijana ananiambia niende taratibu zaidi. Na yeye ndo alikuwa wa mwisho kwenye kundi tayari! Akasema alijisikia vibaya kidogo lakini akatii, akapunguza mwendo. Mi nilidhani ni urefu wa mlima ndo umemchosha, kumbe ni sarufi.

Ila ukiangalia hakukosea sana. Mtu mpole, mwendo wa polepole, na pole ya kumwambia aliyeumia, yote ni ukoo mmoja. Ni kama unamwambia mtu mambo yamekuwa makali kwako, basi na yalainike.

Sasa tuje kwenye sorry yenyewe, maana baada ya ile safari nilirudi nyumbani nikawa naichimba kwenye simu usiku, mke wangu ananiuliza una nini na hilo neno. Sorry ni neno la zamani sana kwa Waingereza. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa sarig, na limetokana na neno lile lile lililozaa sore, yaani kidonda, sehemu inayouma. Mtu aliyekuwa sarig ni mtu mwenye kidonda moyoni. Watu wengi wanadhani linatokana na sorrow, huzuni, kwa vile yanafanana sura, kumbe hayo ni maneno ya koo mbili tofauti yaliyokuja kuzoeana baadaye kama mashemeji. Kwahiyo ukienda mpaka kwenye mzizi, sorry haikuanza na kosa. Ilianza na maumivu. Hili la kuomba msamaha limepanda juu yake baadaye, na kwa Waingereza wa leo limeota mpaka limefunika shina. Nikamwandikia yule mama nikamwambia bibi zako wa zamani wangenielewa pale kwenye changarawe kuliko ulivyonielewa wewe. Akajibu kwa kicheko kirefu.

Samahani yetu nayo sio yetu ya kuzaliwa, ni ya Kiarabu, nisamehe, na ile "ni" ya mwisho ndo mimi, anayesamehewa. Kunradhi ni hivyo hivyo, kuwa radhi. Na hapa ndo kuna kitu kimenikaa kichwani tangu siku ile. Samahani mwishoni ina mimi. Pole ukiiongezea "ni" inakuwa poleni, ile "ni" inakuwa nyinyi, yaani pole inamwangalia mwenzako na samahani inajiangalia yenyewe. Herufi zile zile mbili zimegeukia pande mbili tofauti. Hiyo sijaisoma mahali, nimekaa nayo tu kwenye mawe.

Sio kwamba Waingereza hawana pole. Wanayo, ila wanaificha nyuma ya maneno mengine. I'm sorry to hear that, hiyo ni pole. Sorry for your loss, hiyo ni pole ya msiba. Sorry about your mum. Umeona, ni lazima aiongezee mkia, aseme sorry ya nini. Ukiiacha uchi, "sorry!" peke yake ya kushtukia, sikio lao linasikia samahani, na likisikia samahani linaanza kutafuta umefanya nini. Sisi tunaitoa uchi ikiwa na maana ya pole, na ajali inatokea hapo hapo.

Na kuna ajali nyingine ya upande wa pili, hii ilinipata mimi msimu wangu wa kwanza kuongoza. Kambi ya Machame, usiku wa kwanza, wageni wanakula kwenye hema kubwa, mimi nimesimama naeleza ratiba ya kesho kwa Kiingereza changu kile cha cheti. Mzee mmoja Mwingereza akaniambia, "Sorry?" Mimi nikasema kwa adabu zote, "No problem sir." Akaniangalia. "Sorry?" safari hii kwa sauti zaidi. Nikaona huyu mzee ana dhamiri jamani, nikamwambia, "It's okay sir, don't worry, no problem at all." Akaweka kijiko chini, akainama mbele, akaweka mkono sikioni, "SORRY?" Na mimi nikaweka mkono kifuani, kwa huruma kabisa, "Sir, I forgive you."

Mkewe supu ilimtokea puani. Mpishi wetu alikuwa nje ya hema anasikia kila kitu na hiyo "I forgive you" ilinifuata mlima mzima mpaka getini, wagumu wakiniomba kitu nikichelewa kuwapa wanasema tu "sir, I forgive you".

Mzee alikuwa hajasikia tu nilichosema. Sorry ikipanda sauti mwishoni ni eti? Ni unasemaje? Ikishuka ni samahani. Ikivutwa, sooorry, na mtu anakupita kwenye mlango huku hakuangalii, ni nipishe. Na ile ya "I'm sorry, but" hiyo ukiisikia jiandae, hapo hakuna anayekuomba msamaha, hapo unaenda kuambiwa ukweli wako, ni sawa na sisi tunavyosema "nisamehe bure lakini" alafu kinachofuata kinakuvua nguo. You'll be sorry ni utajuta, hicho ni kitisho. Kumwonea mtu huruma nako wanatumia hilo hilo neno, na kitu kilichochakaa kama kile kiti cha basi la kwanza nililopanda kwenda Arusha nacho ni sorry. Neno moja linafanya kazi za kijiji kizima, na kama huna sikio la kusikia sauti inapanda au inashuka umekwisha.

Kuna mwanaanthropolojia wa Kiingereza, Kate Fox, aliwahi kufanya jaribio la kuwagonga watu makusudi mitaani na stesheni kwao, anamgonga mtu kwa kujifanya hajamwona alafu anasikiliza. Wengi waliogongwa ndo waliosema sorry. Wao! Niliposoma hilo nikamuonea huruma yule mzee wa supu, maana mtu aliyekulia huko sorry kwake ni kama kikohozi.

Sasa kwa dada yangu hilo halikuwa la kuchekesha. Dada yupo Uingereza, kaskazini huko, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Nilipomsimulia ya mwalimu wangu akanitumia voisi ya dakika saba, na dada akituma voisi ya dakika saba ujue kuna jambo. Anasema mwezi wake wa pili kazini, bibi mmoja wa miaka tisini alianguka kati ya kitanda na kiti, dada akasikia kishindo akakimbia, akapiga magoti pale chini akamshika mkono, na kwa vile yeye na mimi tumelelewa na mama mmoja, kilichomtoka ni kile kile, sorry sorry sorry my dear. Wakati huo huo mtoto wa yule bibi alikuwa anaingia mlangoni na maua. Alichokiona ni mama yake yuko chini na mhudumu mgeni yuko juu yake anaomba msamaha.

"Akauliza, amefanya nini huyu? Hakuniuliza mimi, alimuuliza yule mwenzangu Mwingereza aliyekuja nyuma. Amefanya nini huyu."

Ikabidi fomu ijazwe, ambayo ingejazwa tu maana mzee akianguka lazima iandikwe, lakini safari hii fomu ilikuwa na mstari wa ziada, kwamba mfanyakazi alisikika akisema sorry. Dada aliitwa mara mbili. Akaeleza kwamba kwetu ukimwona mtu ameanguka hukai kimya, ni ukatili. Meneja alikuwa muelewa, yakaisha, na yule bibi mwenyewe alisema aliteleza kwa soksi zake. Ila dada aliambiwa kwa upole kabisa kwamba siku nyingine aseme "oh dear". Oh dear! Ndo pole yao ya mdomoni kumbe, pole isiyo na mkia wala kesi, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetufundisha. Dada anasema mpaka leo kila akiisema anajisikia kama anaigiza tamthilia.

Na hofu yao hiyo inaeleweka, kwa maana huko watu wanaogopa kabisa kwamba ukisema sorry baada ya ajali umekiri kosa na bima itakukimbia. Imefika mahali mabunge yamekaa kulitungia hilo jambo sheria. Uingereza walipitisha mwaka 2006 sheria ya fidia yenye kifungu kinachosema kuomba radhi peke yake hakuhesabiki kuwa umekubali uzembe. Huko Kanada jimbo la British Columbia nao mwaka huo huo 2006 wakatunga ya kwao, Ontario wakafuata 2009. Fikiria wabunge wamevaa suti wanajadili mtu akisema samahani amekubali au hajakubali. Sisi tungewauliza swali moja tu, alisema pole au alisema samahani?

Alafu ukishaliona hilo huachi kuliona, hasa kwa wakubwa. Kwa sababu neno lenye vyumba viwili ni zuri sana kwa mtu anayetaka kujificha.

Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China, rubani wa China Wang Wei akafa, ile ya Marekani ikatua kisiwa cha Hainan bila ruhusa na watu wake 24 wakashikiliwa. China wanataka kuombwa radhi, Marekani hawataki kuomba radhi. Siku kumi na moja wamekwama. Kilichowatoa ni barua yenye "very sorry" mbili, moja kwa familia ya rubani na nyingine kwa kutua bila ruhusa ya mdomo. Marekani wakawaambia watu wao hatujaomba radhi, tumesikitika tu. China wakawaambia wa kwao wameomba. Wote wawili walikuwa wanasoma karatasi moja! Ile barua kwa Kiswahili isingewezekana kuandikwa, ingebidi mtu achague, na wale watu 24 sijui wangerudi lini.

Australia ndo kinyume chake, huko wananchi wenyewe walilishika lile neno hawakuliachia. Watoto wa wenyeji wa nchi ile walichukuliwa kwa wazazi wao miaka mingi kwa sera ya serikali, na 1998 wakaanzisha siku ya kila tarehe 26 Mei inaitwa kabisa Sorry Day. Waziri mkuu wa wakati ule, John Howard, akakubali kusema anajuta kwa dhati lakini sorry hakuisema. Mei 2000 watu kama laki mbili na nusu walivuka kwa miguu lile daraja la Sydney na ndege ikaandika Sorry kwa moshi angani. Ikaja kusemwa bungeni tarehe 13 Februari 2008 na waziri mkuu aliyemfuata, Kevin Rudd. Miaka kumi nchi nzima inasubiri silabi mbili.

Na huku kwetu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilisema kuhusu mateso ya wakati wa Mau Mau kwamba inajuta kwa dhati, ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Inajuta. Miaka kumi baadaye, usiku wa tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles yuko Nairobi kwenye dhifa ya taifa, anasema maovu ya zamani yanamletea huzuni kubwa sana na majuto makubwa sana. Kiingereza kitamu, lakini weka kwenye Kiswahili uone kinakaa wapi. Huzuni kubwa, hiyo ni pole. Wakenya wengi waliokuwa wanasubiri samahani waliijua kwamba haijafika hata kabla hotuba haijaisha. (Najua, najua, Wakenya wenyewe wanatumia pole kwa yote mawili, Mkenya akikukanyaga anakwambia "pole, sikukuona", nina rafiki wa Loitokitok kila akichelewa ananiambia pole na mimi kila siku namjibu kwani nimeumwa? Lakini hata yeye siku ile alielewa.)

Kesho yake, tarehe 1 Novemba, rais wa Ujerumani Steinmeier yuko Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, anainamisha kichwa, na kwa Kijerumani anasema naomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowafanyia mababu zenu hapa. Hakusema amehuzunika tu. Aliomba. Mtu akiomba kuna anayeombwa, na yule anayeombwa anaweza kukataa. Nchi jirani, wageni wawili wakubwa, hazijapita saa ishirini na nne kati ya hotuba na hotuba, mmoja kaleta pole mwingine kaleta samahani.

Mimi ni mtu wa Old Moshi. Huku Wajerumani walimnyonga chifu wetu, Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake 18, na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, kila mwaka tarehe hiyo tunamkumbuka. Ile habari ya Songea ilipotangazwa redioni mzee wangu alikuwa anamenya ndizi nje, akasikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama. Akasema, "Ameomba radhi. Vizuri." Akamenya nyingine. "Sasa kichwa kiko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Lakini mwangalie mzee, hakuuliza hivyo kwa sababu ya hasira. Aliuliza kwa sababu ameombwa radhi. Yule wa huzuni kubwa huwezi kumuuliza chochote, utamwambia asante, nimeshapoa, yameisha. Aliyesema samahani amekupa wewe zamu ya kusema. Unaweza kusema bila samahani, unaweza kukaa kimya, unaweza kuuliza kichwa kiko wapi.

Yule mama mwalimu nilimsimulia hili pia, kwa meseji. Alikaa siku mbili hajajibu, alafu akaandika kwamba kwenye hotuba ya mfalme wao alikuwa amesikia sorry na hakugundua kwamba haikuwepo.

Basi, mlimani hatujabadilika, mgeni akianguka bado inatoka sorry sorry sorry, nimejaribu oh dear mara mbili msaidizi wangu akaniuliza kama naumwa. Sasa hivi namalizia tu, "sorry, it's our pole", wanacheka, tunaendelea.

Na la mwisho maana limetokea juzi juzi tu. Kuna ofisi moja niliyoifanyia kazi msimu huu, sitaitaja, malipo ya tripu yalichelewa wiki tatu, wagumu wana watoto wa shule, kila mtu anapiga simu haipokelewi. Jioni moja bosi akaandika kwenye grupu: "Habari zenu wapiganaji. Poleni kwa kuchelewa kwa malipo, tuvumiliane." Kimya. Watu wamesoma wote, hakuna anayejibu. Alafu kijana mmoja mgumu, mpole kabisa, yule ambaye hata chai anaomba kwa kunong'ona, akaandika:

"Pole ya nini bosi, kwani tumeanguka?"

Ikaonekana bosi anaandika. Ikapotea. Anaandika. Ikapotea. Ile ya kwanza ikafutwa, tukabaki na ule mstari wa ujumbe umefutwa, alafu ikaja nyingine: "Samahanini kwa kuwacheleweshea malipo yenu. Ijumaa yanaingia."

Ijumaa ikaingia nusu. Bila samahani hakuna aliyeiandika mpaka leo.